Kitambi, sukari na presha: kwa nini vinatembea pamoja, na sahani yako inahusika vipi

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari hapa Dar es Salaam, nusu saa inatosha kusikia ushauri unaogongana. Mama mmoja ameambiwa na dada yake aache ugali kabisa, ale nyama na parachichi tu. Jirani yake anakula ugali kama kawaida, ila ni wa dona, na ana hakika dona haipandishi sukari. Mzee wa pembeni ameacha sukari kwenye chai, siku hizi anatia asali. Kijana aliyemleta ana ujumbe wa WhatsApp unaosema ndimu kwenye maji ya moto huyeyusha mafuta ya tumbo, na ameshausambaza kwenye kundi la ukoo. Wote wana nia njema. Tatizo ni kwamba wanahangaika na nini waache na nini wale, wakati hakuna aliyekaa nao akawaeleza mwilini kunatokea nini. Nitaanzia huko mwilini, ya sahani tutayafikia.

Kwanza tuelewane maneno. Unene hupimwa kwa kugawa uzito wako wa kilo kwa urefu wako wa mita, kisha jibu lile unaligawa tena kwa urefu huohuo. Ukipata 25 kwenda juu, uzito umezidi. Ukifika 30, huo ni unene uliokithiri. Mtu wa urefu wa mita 1.65 anavuka mstari wa kwanza akiwa na kilo kama 68, na wa pili akiwa na kilo 82 hivi. Kisukari ni hali ya sukari kubaki juu kwenye damu. Kuna aina ya kwanza, ambayo kinga ya mwili yenyewe inaharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Hiyo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, wala mzazi asijilaumu kwa alichompikia mtoto. Kuna aina ya pili, ndiyo ya watu wengi, na ndiyo ninayoizungumzia. Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Ugonjwa wa moyo wa hapa ni ule wa mishipa inayolisha moyo kujaa utando na kuziba taratibu. Ikiziba au kupasuka ya ubongo, hicho ni kiharusi.

Mara nyingi haya yote yanakutwa kwa mtu mmoja, na yanakutwa kwa mpangilio unaofanana: kitambi, kisha presha, kisha sukari, kisha siku moja kifua. Sababu yake inaeleweka vizuri.

Wanga wote tunaokula, uwe ugali, wali, chapati, viazi, ndizi au mihogo, tumboni unavunjwavunjwa ukawa glukosi, yaani sukari, ukaingia kwenye damu. Ulimi hausikii utamu kwenye ugali lakini damu inaipata sukari yake vilevile. Sasa chukua kituo cha Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili asubuhi. Abiria ndio glukosi, kituo ndiyo damu, daladala ni misuli na ini, na insulini ni konda anayefungua mlango na kuingiza watu. Gari zikiwa na nafasi, konda anaita mara moja na kituo kinabaki cheupe. Lakini fanya gari zinafika zimeshajaa. Konda anaita, anasukuma, wanaingia wawili, waliobaki wanasubiri. Wanaletwa makonda wengine kusaidia, na kwa muda kituo kinapungua, anayeangalia kwa mbali anaona mambo yako sawa. Kongosho linafanya hivyohivyo kwa miaka: linamwaga insulini nyingi zaidi na zaidi, na kipimo cha sukari kinasoma kawaida. Siku makonda wakichoka, kituo kinafurika, na siku hiyo ndiyo unaambiwa una kisukari. Gari zilianza kujaa zamani sana.

Kinachozijaza ni mafuta. Chakula kinachozidi mahitaji, kiwe wanga, mafuta au pombe, mwili haukitupi, unakiweka akiba. Akiba ya kwanza ni chini ya ngozi, mapajani na makalioni, na huko mafuta hayana madhara makubwa. Nafasi hiyo ikiisha, mafuta yanahamia ndani ya tumbo, yanazunguka utumbo, yanaingia kwenye ini na kwenye misuli. Ini lililojaa mafuta halimsikii tena konda: linaendelea kumwaga sukari kwenye damu hata kama damu ina sukari ya kutosha. Linasafirisha pia mafuta na lehemu, yaani kolesteroli, zinazokwenda kujipenyeza kwenye kuta za mishipa. Insulini inayomwagwa kwa wingi nayo inaifanya figo izuie chumvi isitoke, presha inapanda. Ndiyo maana kitambi, sukari, presha na moyo ni habari moja.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la swali ninalolisikia kila siku: mbona fulani ni mwembamba na ana kisukari, na shangazi ni mnene na vipimo vyake viko safi? Watu hatujapewa nafasi sawa ya akiba chini ya ngozi. Kuna anayebeba kilo nyingi kabla mafuta hayajafika kwenye ini, na kuna ambaye kilo 5 tu za ziada zinakwenda moja kwa moja tumboni. Urithi wa ukoo unachangia sana. Kwa hiyo usitegemee mizani peke yake. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kiunoni usawa kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, upumue kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Mwanamume akizidi sentimita 94, mwanamke akizidi 80, hatari imeanza kupanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari waliokuwa wakifanya kazi na Muhimbili walipima watu katika vijiji sita vya Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, uliwakuta 9 kati ya 100. Umri na namna ya kupima vilitofautiana, kwa hiyo usizichukulie namba hizi kama za kupimwa kwa rula moja, ila mwelekeo unaonekana. Utafiti wa afya wa 2015 na 2016 nao ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na mijini hali ilikuwa mbaya kuliko vijijini.

Kuna utafiti mwingine ambao natamani kila mkazi wa jiji hili aujue. Watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 200 wa vijiji vya Morogoro waliokuwa wanahamia Dar es Salaam. Waliwapima kabla hawajaondoka, wakawapima tena baada ya kuishi mjini. Katika mwaka mmoja tu waliongezeka kilo 2 na kidogo kwa wastani, wanaume kwa wanawake. Kula nyama nyekundu kuliongezeka, lakini na matunda na mboga pia viliongezeka. Kilichoporomoka vibaya ni kazi za nguvu: wanaume waliokuwa wanafanya kazi nzito walishuka kutoka karibu 8 kati ya 10 hadi takriban robo, na kwa wanawake kushuka kulikuwa kukubwa zaidi. Watu hawa hawakuja mjini wakawa walafi. Walikuja mahali ambapo jembe halipo, kuni haziokotwi, maji yanaletwa kwa toroli, na chakula cha kukaanga kiko kila kona hadi saa sita usiku. Ndiyo maana inanisikitisha mgonjwa anapokaripiwa kana kwamba alikosa tu adabu ya kula.

Twende kwenye sahani.

Sahani ya mama ntilie unaijua. Wali umerundikwa hadi ukingoni, maharage upawa mmoja, kipande cha samaki, mchicha wa kujaa kiganja, pengine ndizi mbivu pembeni. Hakuna chakula kibaya hapo hata kimoja. Kasoro ni mgao: robo tatu ya sahani ni wanga. Wataalamu wa lishe wanapendekeza nusu ya sahani iwe mboga za majani na nyinginezo, robo iwe wanga, robo iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au mayai. Ukimwambia "mama, nipunguzie wali, niongezee mboga", wengi watakuwekea, na hata akikuongezea bei kidogo hiyo ni pesa uliyoitumia vizuri kuliko ya soda. Maharage nayo yana wanga, ila yana nyuzinyuzi na protini nyingi, sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Kwa jiji ambalo maharage, choroko, kunde, mchicha, matembele na kisamvu vinauzwa kila genge, hatuna haja ya kutafuta chakula cha kizungu cha bei mbaya.

Sembe au dona? Dona ni bora, sibishani na mtu. Pumba na kiini havijaondolewa, kwa hiyo inakupa nyuzinyuzi na vitamini zaidi. Lakini wanga ndani ya dona unakaribiana na wa sembe, na bonge kubwa la dona litapandisha sukari. Aliyehamia dona halafu akaongeza ugali kwa kuwa "huu ni wa afya" hajapiga hatua.

Vinywaji ndiyo sehemu ninayoona watu wanapoteza zaidi bila kujua. Soda ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, kama vijiko 7 au 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingekuwa vizuri zaidi ishuke hadi 25. Sasa weka chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu, chai ya saa nne na andazi, soda ya mchana, na juisi ya miwa ya jioni yenye ndimu na tangawizi. Juisi ya kukamua nyumbani haisalimiki: embe tano zilizosagwa zikachujwa zimepoteza nyuzinyuzi zilizokuwa zinaichelewesha sukari, na hakuna mtu angekaa akala embe tano kwa mkupuo. Kula embe lenyewe. Kuhusu asali, karibu asilimia 80 yake ni sukari, na kongosho haliulizi kama sukari imetoka kwa nyuki au kiwandani.

Kwa hiyo, je, sukari ndiyo inaleta kisukari? Kijiko cha kwenye chai hakikupi kisukari kama mbu anavyokupa malaria. Ila vinywaji vitamu vinajaza gari haraka, maana havishibishi: umekunywa soda, na wali umekula uleule.

Mafuta ya kupikia nayo yamejaa maneno. Kijiko kikubwa kimoja, mafuta yoyote yale, kina nishati kama kalori 120, sawa na ile soda, sawa na mwendo wa nusu saa kwa miguu. Simama kando ya karai la chipsi uangalie: mafuta yanaongezwa, hayamwagwi, yamekuwa meusi, na viazi vinatoka vinachuruzika. Kwenye zege, yaani chipsi mayai, yai ndilo lenye hatia ndogo kuliko vyote. Wa kuulizwa ni mafuta, viazi na chumvi. Mafuta yanayochemshwa tena na tena yanavunjika na kutengeneza kemikali zinazodhuru mishipa. Na yale maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye dumu yasikushawishi, kwa sababu hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Cha kuangalia ni aina. Mawese karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha lehemu mbaya, wakati alizeti, ile tunayoletewa kutoka Singida, ni kama asilimia 11 tu. Tui zito la nazi liko upande wa mawese. Sisemi wali wa nazi upigwe marufuku, ni chakula chetu cha pwani na nakipenda. Nasema usiwe wa kila siku, na maharage ya kesho yanaweza kupikwa kwa tui jepesi, au bila nazi kabisa.

Chumvi nitaipitia haraka. Kipimo cha siku nzima ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai, ukihesabu ya mchuzini, ya kwenye mkate, ya kwenye vidonge vya viungo na ile unayonyunyizia chipsi baada ya kuletewa. Presha haiumi. Unaweza kutembea miaka 10 na 160 kwa 100 bila kichwa kugonga hata mara moja, kwa hiyo kusubiri dalili ni kusubiri kiharusi. Sigara nayo, yoyote na kiasi chochote, inaharibu mishipa hata kwa asiye na kitambi. Bia zinahesabika kama chakula.

Mazoezi yanahitaji ufafanuzi zaidi, kwa kuwa watu wengi wanayaanza kwa matumaini na kuyaacha kwa hasira baada ya mizani kugoma. Jibu zuri limepatikana hapahapa Tanzania. Watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer waliwapima Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, watu wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kilomita nyingi kila siku. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalishangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili una namna ya kubana matumizi kwingine unapoushughulisha sana. Kwa hiyo kukimbia peke yake, ukirudi ukala kama jana, hakupunguzi kilo nyingi. Klabu nyingi za jogging za Jumapili humalizia kwa supu na chapati mbili, na hapo hesabu inarudi palepale.

Lakini usivue raba. Msuli unaofanya kazi hufungua mlango mwingine wa kuingiza sukari bila kumsubiri konda. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya chakula cha jioni kunashusha sukari usiku uleule, kilo zipungue zisipungue. Presha inashuka, moyo unapata nguvu. Kinachoshauriwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukupandisha pumzi kidogo. Kushuka kituo kimoja kabla kwenye mwendokasi kunahesabika, na ngazi za ofisini pia. Najua pia jiji lenyewe halitusaidii: njia za waenda kwa miguu zimejaa meza za biashara na bodaboda, taa hazipo mitaa mingi, na anayeamka saa kumi alfajiri Chanika akarudi saa tatu usiku hana saa ya mazoezi wala ya kulala vya kutosha. Usingizi mfupi nao unaongeza njaa siku inayofuata. Hilo ni la halmashauri na serikali kulibeba, mgonjwa peke yake hawezi.

Sasa kuhusu kukata wanga, ushauri unaotembea sana. Kupunguza wanga kunashusha sukari, hilo ni kweli. Hatari ni kwa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Dawa hizo zilipangwa kulingana na ugali uliokuwa unakula. Ukiacha ugali leo na ukameza kipimo kilekile, sukari inaweza kushuka hadi ukatetemeka, ukatoka jasho, ukaanguka. Anza na daktari, apunguze dawa kwanza. Ni hivyohivyo kwa anayetaka kufunga Ramadhani: aende kliniki wiki kadhaa kabla, na futari yake isiwe mihogo ya nazi, tambi za sukari na kalimati kwa pamoja. Na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni? Nyingi zinakuharisha tu, kilo zilizopungua ni maji. Ndimu haiyeyushi mafuta. Ni nzuri kwenye samaki.

"Kisukari hakiponi" na "tunaponya kisukari" ni kauli mbili zilizokaa vibaya. Utafiti uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2018 uliwachukua watu wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka 6 tangu kugunduliwa, wasiotumia insulini, wakapunguza uzito kwa mlo mdogo sana chini ya uangalizi wa wauguzi na wataalamu wa lishe. Baada ya mwaka mmoja, 46 kati ya 100 sukari yao ilikuwa imetoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, ilikuwa 86 kati ya 100. Ini lilipopungua mafuta, gari zikapata nafasi. Lakini uzito ukirudi, na sukari hurudi, na kwa aliyekaa na ugonjwa miaka mingi kongosho linaweza kuwa limechoka kupita kiasi. Asiyefanikiwa hakukosea. Dawa zipo, na anayezimeza kila siku analinda macho, figo na miguu yake.

Kwa ambaye hajapima, namba za kukumbuka ni chache. Sukari kabla hujala asubuhi: chini ya milimoli 6.1 kwa lita ni nzuri. 7 au zaidi, ikirudiwa siku nyingine ikawa hivyohivyo, ni kisukari. Presha ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara ni ya kumwona daktari. Na ukiambiwa sukari yako iko katikati, kati ya 6.1 na 6.9, usirudi nyumbani ukasema "sijapatikana nayo", maana hapo ndipo juhudi ndogo inapolipa zaidi. Marekani mwaka 2002 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa hapo katikati. Kundi moja lilipewa dawa ya metformini, hatari ya kuingia kwenye kisukari ikapungua kwa asilimia 31. Kundi lingine lilisaidiwa kubadili mlo na kutembea zile dakika 150 kwa wiki, likapungukiwa kwa asilimia 58. Lengo la uzito walilopewa lilikuwa kupunguza asilimia 7. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo 5 na nusu hivi.